Waliuza gemu za kukopi sokoni, kisha wakatengeneza The Witcher

Wasee, kuna mjadala mmoja hauishi mitandaoni: ukidaunlodi gemu bila kulipa, unaiba ama huibi? Upande mmoja unasema kila kopi ya bure ni pesa iliyotolewa mfukoni mwa mtengenezaji. Upande wa pili unasema hizo kampuni ni tajiri, hazitahisi kitu, na kwanza wewe hungenunua hiyo gemu hata siku moja. Kila mtu anapiga kelele na hakuna anayefungua historia.

Basi leo tuifungue. Kelele hizi ziko na karibu miaka 50, na ukifuatilia pole pole unaona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Hoja yangu ni hii: kopi ya bure huingia pale muuzaji alipoacha pengo. Pengo linaweza kuwa bei, lugha, ama njia ya kulipa. Anayeziba pengo hilo ndiye anapata soko. Lakini kabla halijazibwa, anayeumia wa kwanza huwa si ile kampuni kubwa unayoichukia. Huwa ni mtu mdogo mwenye gemu moja na kodi ya nyumba.

Kilio cha kwanza

Mwezi wa pili mwaka 1976, kijana wa miaka 20 anayeitwa Bill Gates aliandikia wapenzi wa kompyuta wa Marekani barua ya wazi. Yeye na Paul Allen walikuwa wameandika BASIC ya kompyuta ya Altair, yaani programu ya kukuwezesha kuandika programu zako mwenyewe. Ilikuwa inatumika kila mahali. Shida ni kwamba, kwa hesabu ya Gates, chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walikuwa wameinunua. Alisema ukigawanya pesa walizopata kwa saa walizokesha, inatoka chini ya dola 2 kwa saa.

Wengi waliosoma barua hiyo walikasirika. Kwao kupeana programu ilikuwa kama kupeana chumvi na jirani. Kumbuka hii haikuwa gemu hata, lakini malumbano yote ya leo tayari yalikuwa ndani: mtengenezaji anauliza atakula nini, mtumiaji anauliza kwani kuna ubaya gani.

Gemu zenyewe zilifuata muda si mrefu. Mwaka 1982 Uingereza ikapata ZX Spectrum, kompyuta ya bei nafuu ya nyumbani. Gemu zake zilikuja kwa kaseti, zile zile za muziki ambazo wazazi wako walikuwa wanarudisha nyuma kwa kalamu. Sasa fikiria: kama nyumbani kuna redio ya kaseti mbili, una kiwanda cha gemu. Unaweka original upande huu, kaseti tupu upande ule, unabonyeza, unaenda kunywa chai. Kesho yake shule nzima inayo.

Watengenezaji wakajaribu kujikinga. Gemu ya Jet Set Willy ya mwaka 1984 ilikuja na kadi yenye viboksi vya rangi. Kabla ya kucheza, gemu inakuuliza rangi za kiboksi fulani. Huna kadi, huchezi. Wakati huo mashine za kutoa fotokopi ya rangi zilikuwa adimu, kwa hivyo ilionekana ni ujanja wa maana. Watoto wakachukua penseli za rangi wakachora kadi kwa mkono. Waliojua kuandika kodi wakaipita hiyo sehemu kabisa.

Shika hilo, juu litajirudia: kila kufuli huwa na mtoto mwenye muda mwingi.

Soko la Warsaw

Sasa twende Poland, kwa sababu hapo ndipo historia hii inakuwa tamu.

Mpaka mwaka 1989 Poland ilikuwa chini ya serikali ya kikomunisti. Kompyuta ziliingia, nyingi zikibebwa na watu waliotoka safari za Magharibi, lakini gemu hazikuwa na duka rasmi. Ungetaka kulipa ungemlipa nani? Sheria yenyewe ya hakimiliki haikuwa imezilinda wazi programu za kompyuta mpaka sheria mpya ilipokuja mwaka 1994. Kwa hivyo kila wikendi watu walijaa katika soko la kompyuta la mtaa wa Grzybowska mjini Warsaw, wakiuza na kubadilishana kopi mchana kweupe. Ukikumbuka vile vibanda vya DVD vya River Road, na ukuta mzima wa makava yaliyochapishwa kwa printa, huhitaji kuelezewa zaidi.

Mmoja wa wauzaji alikuwa mwanafunzi wa sekondari anayeitwa Marcin Iwiński. Amesimulia mwenyewe mara nyingi kwamba aliwahi kutuma kaseti tupu kwa posta hadi kwa mtu huko Ugiriki, akaisubiri irudi ikiwa na gemu ambayo Warsaw nzima haikuwa nayo. Shuleni alipatana na Michał Kiciński, wote wagonjwa wa gemu, na wakawa wanakosa masomo ili wakacheze na kufanya biashara.

Mwaka 1994, mwaka ule ule sheria ilipokuja, wawili hao walisajili kampuni yao: CD Projekt. Jina linatokana na CD, ambayo ilikuwa teknolojia mpya. Walikuwa wanaagiza gemu za CD kutoka Marekani na kuziuza kihalali. Kwa muda CD yenyewe ilikuwa kama kufuli: ilibeba data nyingi kuliko diski laini kwa mbali sana, na mashine ya kuchoma CD ilikuwa ghali. Lakini bei ya mashine ikashuka, na wale jamaa wa sokoni wakarudi na CD zao za kuchoma.

Hapo kampuni changa ilikuwa na chaguo. Ingeweza kulia kama Gates. Ingeweza kukimbizana na polisi sokoni. Lakini hawa walikuwa wametoka soko hilo hilo, na walijua kitu ambacho wakubwa wa London na California hawakukijua: mteja wa Grzybowska hakuwa anachukia kulipa, maana pale sokoni alikuwa analipa kila wikendi. Aliwalipa watu wa kopi kwa sababu wao ndio walikuwepo.

Kumshinda mwenye kopi kwa huduma

Mwaka 1999 CD Projekt walichukua Baldur's Gate, gemu kubwa ya hadithi yenye maneno kama kitabu, na wakaamua kuiuza Poland kwa njia ya tofauti. Waliitafsiri yote kwa Kipolandi. Wakaajiri waigizaji maarufu waingize sauti, akiwemo Piotr Fronczewski ambaye kila nyumba ilimjua. Kisha boksi lenyewe wakalijaza: ramani, kitabu cha kanuni za mchezo, CD ya muziki.

Angalia ujanja. Gemu ilikuwa na CD tano. Mwenye kopi alikuwa anauza kwa idadi ya CD, kwa hivyo hata kopi yake haikuwa rahisi. Original ilikuwa ghali zaidi, ndio, lakini tofauti haikuwa ya kukufanya ukimbie, na ulikuwa unapata boksi la kuweka mezani wageni waone, na gemu inayokuongelesha kwa lugha ya mama yako. Siku ya kwanza waliuza kopi 18,000, nambari ambayo wengi hawakuamini Poland ingeweza kutoa.

Hiyo ndiyo sehemu ya historia ambayo upande wa "uharamia umeua soko" huwa unairuka. Nchi iliyoonekana ya wezi tu ilikuwa na wanunuzi kibao. Walikosa wa kuwauzia.

Pesa na ujuzi wa miaka hiyo ndivyo viliwafikisha kwa gemu yao wenyewe. Mwaka 2007 wakatoa The Witcher, kutoka kwa hadithi za mwandishi Mpolandi Andrzej Sapkowski. Mwaka uliofuata wakafungua GOG, duka la mtandaoni linalouza gemu bila kufuli yoyote. Unalipa, unapakua, ni yako, hata intaneti ikikatika unacheza.

Sasa wao ndio wanaokopiwa

Usidhani baada ya hapo maisha yalikuwa mteremko. Mwezi wa tano mwaka 2011 walitoa The Witcher 2. Kufikia mwisho wa mwaka Iwiński alisema wameuza takriban kopi milioni 1 za kompyuta, na kwa makadirio yake watu kama milioni 4.5 walikuwa wameichukua bila kulipa. Yule mtoto wa kaseti ya Ugiriki sasa alikuwa upande wa pili wa meza.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu nambari hii ndiyo hutumiwa vibaya na pande zote.

Wa kwanza atakwambia: milioni 4.5 mara bei ya gemu, hiyo ndiyo hasara. Hapana. Hiyo hesabu inachukulia kwamba kila aliyedaunlodi angelipa kama angefungiwa njia. Chukua dogo wa Umoja mwenye kompyuta ya kuunganisha vipuri. Gemu mpya kubwa inauzwa dola 60 ama zaidi, yaani zaidi ya shilingi 7,000. Ukimfungia torenti hatoi 7,000 kesho asubuhi, juu hana. Atacheza kitu kingine. Kopi yake haikuondoa pesa yoyote mezani.

Wa pili atakwambia: basi hasara ni sufuri. Pia hapana. Ndani ya hao milioni 4.5 walikuwemo watu wenye kazi, wenye kadi ya benki, wanaoishi nchi ambazo gemu iko dukani. Hata kama ni mmoja kati ya kumi tu angelipa, hizo ni kopi 450,000, karibu nusu ya mauzo yote waliyokuwa wamefanya. Mfano huo ni wangu, hakuna anayejua idadi kamili, lakini unaonyesha kwamba kati ya "yote" na "sufuri" kuna nafasi kubwa, na mishahara ya watu inaishi katika nafasi hiyo.

CD Projekt wenyewe walishikwa na hasira kidogo. Wanasheria wao wakaanza kutumia watu wa Ujerumani barua za kudai mamia ya euro wakituhumiwa kudaunlodi. Mashabiki wakawaka moto: je, mkimtumia barua mtu ambaye hakufanya kitu? Mwezi wa kwanza mwaka 2012 kampuni ikatangaza kwamba imeacha hizo barua. Walisema bado wanapinga uharamia, ila imani ya wateja ni muhimu kwao zaidi.

Kitu kingine kilichotokea ni cha kuchekesha. The Witcher 2 ilitoka kwa njia mbili: diski za dukani zenye kufuli, na ile ya GOG isiyo na kufuli kabisa. Wengi walitarajia ya GOG ndiyo itasambazwa kiharamia, si iko wazi? Iwiński alisema iliyosambaa ni ile yenye kufuli iliyovunjwa. Kwa waharamia kuvunja ndio sifa. Kufuli haikumzuia mwizi, ilimpa mashindano. Mwaka 2015 The Witcher 3 ilipotoka kwa kompyuta haikuwa na kufuli, na kufikia mwaka 2023 kampuni ilitangaza imeuza zaidi ya kopi milioni 50 kwa mashine zote.

Kufuli linalomfungia nje aliyelipa

Kampuni nyingine zilichukua njia tofauti, na matokeo yake ni somo tosha.

Mwaka 2008 EA walitoa Spore. Ukiinunua, uliruhusiwa kuiwasha kwa kompyuta tatu tu. Umebadilisha mashine mara kadhaa? Piga simu uombe ruhusa ya kitu ulichonunua. Wateja wakajaza Amazon nyota moja moja, na kwa hesabu ya tovuti ya TorrentFreak, Spore ndiyo iliyokuwa gemu iliyodaunlodiwa zaidi kiharamia mwaka huo, mara milioni 1.7. Mwaka 2010 Ubisoft wakatoa Assassin's Creed II ya kompyuta inayotaka intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako. Seva zao ziliposhambuliwa mwezi wa tatu, waliolipa wakafungiwa nje ya gemu zao.

Hebu fikiria hiyo biashara. Aliyelipa anapata bidhaa mbaya kuliko aliyechukua bure. Gabe Newell wa Valve, kampuni yenye duka la Steam, alikuwa na maoni haya mwaka 2011: uharamia mara nyingi ni tatizo la huduma kuliko la bei. Mwenye kopi akikupa gemu saa hiyo hiyo, mahali ulipo, na wewe muuzaji unamwambia mteja nchi yake haihudumiwi, umeshindwa kabla hujaanza.

Mtu mdogo je?

Mpaka hapa unaweza kuona kama nawatetea waharamia. Ngoja.

Hizi hadithi za kumshinda mwenye kopi kwa huduma zinahitaji uwe na mtaji wa kuajiri waigizaji na kuchapisha ramani. Je, ukiwa watu wawili?

Mwezi wa nne mwaka 2013 ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug wa Greenheart Games, walitoa gemu yao ya kwanza, Game Dev Tycoon, ambayo ndani yake unaendesha kampuni ya kutengeneza gemu. Bei ilikuwa dola 8 hivi, bila kufuli. Siku hiyo hiyo wakafanya kitu cha ajabu: wakapakia wenyewe kopi ya bure kwenye torenti, ila waliibadilisha kidogo. Kwenye hiyo kopi, ukicheza masaa kadhaa, kampuni yako inaanza kupoteza mauzo kwa sababu ya waharamia. Hata utoe gemu nzuri namna gani, unafilisika.

Siku moja baadaye wakahesabu. Waliocheza kopi iliyolipiwa: 214. Waliocheza kopi ya wizi: 3,104. Hiyo ni asilimia 93.6. Na baadhi ya hao 3,104 walienda kwenye majukwaa ya mtandaoni kuuliza, jamani hawa waharamia tunawazuiaje, mbona wananimaliza?

Cheka, ni haki yako. Ukimaliza angalia 214 mara dola 8. Ni kama dola 1,700 kabla ya makato, kwa kazi ya watu wawili iliyochukua zaidi ya mwaka. Waliokolewa na kisa chenyewe kusambaa duniani, watu wakanunua, na baadaye gemu ikafika Steam. Watengenezaji wengi wadogo hawapati kisa cha kusambaa. Wanapata hiyo siku ya kwanza tu.

Na siku za kwanza ndizo kila kitu. Gemu haiuzi kama sukari, kidogo kidogo mwaka mzima. Pesa nyingi huingia wiki za mwanzo, wakati kila mtu anaiongelea. Mwaka 2024 mtafiti William Volckmann alichapisha utafiti kuhusu gemu zilizotumia kufuli ya Denuvo. Aliona kwamba kufuli ikivunjwa mapema sana, mapato hushuka kwa asilimia 20 hivi kwa wastani. Ikidumu wiki 12, kuvunjwa baada ya hapo hakubadilishi kitu cha maana. Kumbe hasara ipo, na iko pale mwanzoni. Kampuni kubwa ikipoteza sehemu ya mwanzo inalalamika kwa wenye hisa. Studio ya watu wawili ikipoteza sehemu hiyo hiyo, mmoja wao anatafuta kazi nyingine na gemu ya pili haizaliwi.

Kwa nini gemu za simu yako ni za bure

Kuna athari nyingine ambayo hatuioni juu tumeizoea. Miaka ya 1990, Korea Kusini ilikuwa na studio nyingi zilizouza gemu za kompyuta ndani ya maboksi. Uharamia ulichangia kuzikaba. Waliobaki wakahamisha gemu kutoka kwa boksi hadi kwa seva. Mwaka 1998 NCSoft wakatoa Lineage, gemu ya kuchezwa mtandaoni na maelfu ya watu pamoja. Diski kopi upendavyo, bila akaunti kwenye seva haina kazi. Mwaka 2001 Nexon wakaenda mbali zaidi na QuizQuiz: kucheza ni bure, lakini vitu vya kumpamba mhusika wako ni pesa.

Sasa angalia simu yako. Free Fire, PUBG Mobile, Call of Duty Mobile, eFootball. Zote za bure, zote ziko kwa seva, zote zinakuuzia vitu ndani ya gemu. Hakuna wa kukopi, kwa sababu hakuna bei ya mlangoni ya kukwepa. Uharamia haukuwa sababu pekee, lakini ulisukuma. Kwa hivyo ukisikia msee akilalamika kwamba gemu za siku hizi zinakamua pesa kidogo kidogo na hazina ile hadithi ya kukaa nayo, mwambie hiyo pia ni bili ya zamani. Pale ambapo watu hawakulipia hadithi, watengenezaji walijifunza kuuza nguo.

Na sisi?

Kizazi cha kabla yetu Kenya kiliingia gemu kupitia mlango ule ule wa Warsaw. PS2 zilizowekwa chipu, diski za kuchoma, kibanda cha PS mtaani unalipa mbao unashika pedi. Sheria ilikuwepo: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta pia. Lakini sheria peke yake haileti duka, na duka lilikuwa mbali na mfuko pia.

Pengo hilo bado liko, na mara nyingine linachimbwa makusudi. Mwezi wa tano mwaka 2024 Sony walisema wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation Network. Shida ni kwamba huduma hiyo haipatikani rasmi nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Gemu ikaondolewa Steam katika nchi zaidi ya 170. Watu walikuwa na pesa mkononi na duka likafungwa usoni. Wachezaji duniani wakapiga kelele mpaka sharti la akaunti likaondolewa, lakini ujumbe ulikuwa umefika: hesabu za ofisini zilipopigwa, sisi hatukuwemo. Kampuni inayofanya hivyo ikija kulia kuhusu uharamia Afrika, mimi huruma yangu ni kidogo.

Lakini huruma hiyo usinifanye niwachanganye na wengine. Mwaka 2015 Black Division Games ya hapa Nairobi ilitoa Nairobi X, gemu ya kupigana na wavamizi kutoka anga za juu, na uwanja wa vita ni jiji letu. Tangu hapo kuna vijana wengine wanakesha wakichora matatu, wakiandika kodi, wakitafuta sauti za mtaa ndani ya gemu. Hao hawana seva za Korea wala boksi la CD Projekt. Wana wiki zao za kwanza, basi. Bei wanayoweka ni ya soda na chapati kadhaa. Kisingizio cha "ni ghali" hakipo. "Haiuzwi kwetu" hakipo. "Ni matajiri" ndio usijaribu kabisa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Wauzaji wakubwa: wekeni bei inayojua mishahara ya hapa, pokeeni M-Pesa, na msitufungie nje halafu mtuite wezi. Poland ilithibitisha kwamba soko linaloitwa la wezi linaweza kununua kopi 18,000 kwa siku moja likiheshimiwa.

Na sisi wachezaji: siku gemu ikija ambayo mlango wake uko wazi, bei unaiweza, na aliyeitengeneza unaweza kupatana naye kwa stage, lipa. Lipa wiki ya kwanza, usingoje ishuke bei. Iwiński na Kiciński walipata wanunuzi kabla hawajawa watengenezaji, na bila wale watu wa siku ya kwanza wa mwaka 1999 hakuna The Witcher. Watengenezaji wetu bado wanawatafuta hao watu, na ni sisi.